Muziki wa Kufokafoka: Mbilinyi, Haule na Deni la Maneno

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwaka. Inachapishwa kwa ombi la Kamati.)



 Mwaka jana mzungumzaji alitueleza habari za pembejeo za kilimo, na mwaka juzi habari za akiba ya uzeeni. Safari hii nimeombwa nizungumze juu ya muziki wa vijana, na sababu yake mnaifahamu. Wanafunzi wameandika barua kuomba waruhusiwe kuanzisha chama cha muziki wa kufokafoka, ambao wenyewe wanauita hip hop, na wapewe nafasi siku ya mahafali. Ndugu Mkuu wa Shule hakukubali wala hakukataa. Amesema angependa kwanza kujua sisi tuliotangulia tuna maoni gani. Basi nimekuja kutoa yangu, na wenzangu watatoa yao baada ya chai.

Sitazungumza juu ya muziki huo wote, maana ni bahari. Nimechagua watu wawili tu. Wa kwanza ni Joseph Mbilinyi wa Mbeya, aliyejulikana kwanza kwa jina la 2-Proud, kisha Mr. II, na hatimaye Sugu. Wa pili ni Joseph Haule, yaani Professor Jay, aliyepata kuwa mbunge wa Mikumi, pale ambapo kila mmoja wetu aendaye Dar es Salaam kwa basi hupita akichungulia tembo dirishani. Watu hawa hawakuwa kundi moja; kila mmoja alitoa kanda zake kwa jina lake. Lakini wote wawili ni Joseph, wote walianza katika miaka ya 1990, wote walitoka kwenye kipaza sauti wakaingia Bungeni, na wote walipoteza viti vyao katika uchaguzi mmoja. Ukimtaja mmoja, wa pili anakuja mwenyewe.

Neno langu kwenu ni moja. Kilichowapa uzito watu hawa si kelele, bali ni kwamba walisema maneno yanayoeleweka, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, na kisha maneno hayo yakawadai. Nitajaribu kueleza kwa utaratibu.

Hapana budi tuanze na muziki tulioufahamu sisi. Wenye umri wangu mtakumbuka Tancut Almasi Orchestra ya Iringa, bendi ya kile kiwanda chetu cha kukata almasi. Katika miaka ya 1980 waliimba pale ndugu pacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na sauti zao mbili zilikwenda sambamba kama reli za TAZARA. Nani kati yetu hakuucheza Masafa Marefu? Lakini tukumbuke bendi ile iliishi vipi. Shirika la umma ndilo lililonunua magitaa, ngoma na vipaza sauti, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama fundi wa mashine. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kabla ya kurekodiwa maneno yake yalipitiwa na kamati. Mwenye neno kali alilifunga katika fumbo, na msikilizaji akalifungua mwenyewe nyumbani kwake.

Mashirika yale yalipodhoofika, bendi nyingi nazo zilidhoofika au zikafa. Kijana wa Mwanjelwa au wa Kihesa aliyetaka kuimba mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakuwa na gitaa, wala hakuwa na shirika la kumnunulia. Alikuwa na mdomo wake na redio kaseti ya kaka yake. Ndipo muziki huu wa Wamarekani weusi ulipomfaa, kwa kuwa haudai bendi. Unadai mapigo yaliyokwisha tayarishwa na mtu mwenye maneno. Saleh Jabir alionyesha njia pale alipochukua mapigo ya wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice akayatilia maneno ya Kiswahili, na watu wakaona kumbe inawezekana. Mwaka 1994 Radio One ilianza kutangaza, zikafuata redio nyingine za watu binafsi, na studio ndogo ndogo zikafunguliwa Dar es Salaam. Mlango ambao zamani ulikuwa mmoja sasa ukawa na madirisha kadhaa.

Katika dirisha mojawapo alipenya kijana wa Mbeya. Joseph Mbilinyi alitoa Ni Mimi mwaka 1995, wakati wenzake wengi wakiiga Kiingereza cha mitaa ya New York ambayo hawajapata kuiona. Yeye alishika Kiswahili. Kati ya mwaka huo na 2002 alitoa kanda nyingine kadhaa, zikiwemo Niite Mr. II, Nje ya Bongo, Muziki na Maisha na Itikadi. Zilisafiri kwa mabasi kutoka Dar es Salaam, zikapanda Kitonga, zikashuka Ipogolo, zikaendelea Makambako hadi Uyole, mwendo wa zaidi ya kilometa 800, na kila kituo kikuu palikuwa na kijana mwenye meza na redio akizipiga kwa sauti ya juu.

Wimbo uliomtambulisha kwa wakubwa na wadogo ni Hali Halisi. Jina lenyewe linatosha kueleza. Ni taarifa ya kijana asiye na kazi juu ya maisha mtaani na juu ya wanasiasa wanaomkumbuka siku ya kura. Hakufumba kama walivyofumba waimbaji wa bendi, maana hapakuwa na kamati ya kumpitia. Na hapa ndugu zangu tutofautishe mambo mawili. Kusema wazi si lazima kuwe ni kutukana. Wimbo ule uliweza kupigwa mchana sebuleni, bibi akiwepo.

Sasa nije kwa Joseph wa pili. Haule alianza kuvuma akiwa katika kundi la Hard Blasters, lililotoa Funga Kazi, yenye ule wimbo Chemsha Bongo. Kisha akasimama peke yake, na mwaka 2001 akatoa Machozi, Jasho na Damu, kazi aliyoifanya Bongo Records kwa fundi aitwaye P-Funk. Humo ndimo ulimo Ndiyo Mzee. Katika wimbo huo anajigeuza mgombea uongozi anayehutubia mkutano. Anatoa ahadi, umati unaitikia kwa maneno yaliyo jina la wimbo. Anatoa kubwa zaidi, unaitikia tena. Na ahadi zinapanda ngazi mpaka mwenye akili timamu anaanza kucheka. Mwimbaji hasemi mahali popote kwamba mgombea huyu ni mwongo. Anamwacha aseme mwenyewe.

Walimu wetu wa Kiswahili waliopo hapa watakuwa wamekwisha tambua jambo. Hiyo ni ngonjera. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1970 tulipangwa mistari kwenye jua kuwasubiri viongozi, tukawaimbia ngonjera za aina aliyoieneza Mathias Mnyampala: mmoja anauliza, mwingine anajibu, na mwisho asiyejua anakubali kwamba sasa ameelewa. Haule alichukua mtungo uleule akaupindua. Katika ngonjera ya zamani anayekubali mwisho wa shairi ameelimika. Katika Ndiyo Mzee anayekubali amedanganyika, na anayeelimika ni yule anayesikiliza redio. Kwa hiyo anayesema kwamba muziki huu hauna asili yoyote kwetu, namwomba atafakari kidogo. Hata mpiga ligombo wa Uhehe, anayesimulia habari za watu juu ya nyuzi chache, hayuko mbali sana na kijana anayesimulia juu ya mapigo ya mashine.

Mniruhusu niseme machache juu ya sauti zenyewe, maana wengine husema kufokafoka ni kusema haraka tu, kazi isiyo na ufundi. La hasha. Shairi la mapokeo tunalihesabu kwa mizani, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Katika muziki huu mizani haihesabiwi kwa vidole. Inahesabiwa kwa ngoma: mapigo manne yanapita, na mwimbaji sharti aingize silabi zake humo bila kuchelewa wala kuwahi. Kiswahili chetu kina tabia ya kutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kina cha silabi moja ni rahisi mno, mtoto wa darasa la tatu anaweza, na kikirudiwa kinachosha sikio. Mjuzi ni yule anayefananisha silabi mbili au tatu za mwisho na bado akasema jambo la maana.

Mbilinyi ana sauti nzito yenye mikwaruzo, wala haendi mbio. Anaweka maneno machache katika mstari, anatua kwenye neno la mwisho, anamwachia msikilizaji nafasi ya kupumua. Daima anasema kwa nafsi yake, kama shahidi aliyekula kiapo. Haule ana sauti kavu inayokata kila silabi hata aliye mbali na redio asikose neno, na anabadilika kama mwigizaji: katika Ndiyo Mzee ni mgombea, na katika Zali la Mentali anasimulia bahati ya kijana fukara aliyependwa na mwanamke tajiri. Mmoja anatoa ushahidi, mwingine anatoa mchezo wa kuigiza. Mkiwasikiliza kwa kufuatana, ndipo mtakapoona kwa nini nimewaweka pamoja jioni hii.

Sasa nifike kwenye deni nililolitaja. Mwaka 2010 Mbilinyi aligombea ubunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA akashinda, na mwaka 2015 akashinda tena kwa zaidi ya kura laki moja. Mwaka huo huo wa 2015 Haule akashinda Mikumi kwa chama hicho hicho. Nawaomba msinielewe vibaya. Sikuja hapa kukipigia debe chama chochote, na katika ukumbi huu tumo wa vyama vyote na wasio na chama. Ninachotaka mkione ni hiki. Mtu aliyewacheka wagombea kwa wimbo mzima alisimama mwenyewe jukwaani kuomba kura, mbele ya watu wanaoujua wimbo ule kwa moyo. Kila ahadi aliyotoa ilipimwa kwa kipimo alichokitengeneza yeye. Sijui mtihani mgumu zaidi ya huo kwa mwanasiasa.

Kwa Mbilinyi deni lilikuja kwa njia nyingine. Novemba 2011 wafanyabiashara wadogo wa Mbeya walipambana na polisi kwa siku mbili, mji ukafunga maduka. Mbunge wao alikuja akasimama mbele ya umati akawaomba watulie, na wakamsikiliza. Sauti iliyokuwa ikilaumiwa kwamba inachochea vijana ndiyo iliyowatuliza, kwa sababu walikuwa wameizoea tangu wakiwa wadogo na waliiamini. Kisha Februari 2018 mahakama mjini Mbeya ilimhukumu yeye na kiongozi mwenzake wa chama kifungo cha miezi 5, kwa maneno juu ya Rais John Magufuli yaliyosemwa katika mkutano wa hadhara. Alitoka gerezani mwezi Mei mwaka huo. Mambo ya mahakama tuwaachie wanasheria waliomo humu. Mimi nasema tu kwamba vijana wanaotaka kushika kipaza sauti wajue kuwa maneno yana gharama, na mwenye kuyasema hulipa yeye.

Katika uchaguzi wa 2020 wote wawili walishindwa. Mbeya Mjini alishinda Dkt. Tulia Ackson wa CCM, ambaye Februari 2022 alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2022 Haule aliugua sana akalazwa Muhimbili. Hakuwa mbunge tena, hakuwa na cheo. Hata hivyo watu wa vyama mbalimbali walijitokeza kumchangia na kumwombea, akapona, na baadaye akaanzisha taasisi yenye jina lake ya kusaidia wagonjwa wa figo. Nadhani hapo deni lilikuwa limegeuka. Safari hii wasikilizaji ndio waliojiona wanadaiwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia hoja tatu dhidi ya ombi la wanafunzi, nami nitazijibu kwa ufupi.

Hoja ya kwanza ni kwamba muziki huu ni uhuni. Ziko nyimbo za kihuni, sibishi, kama zilivyokuwepo za bendi na za ngoma za asili. Ziko pia zinazomtukana mwanamke, na dada zetu Zay B na Sister P iliwabidi washike kipaza sauti wenyewe ili upande wa pili usikike. Dawa ya wimbo mbaya ni kumfundisha mwanafunzi kuutambua. Kumfungia mlango hakusaidii, kwa kuwa simu iko mfukoni mwake.

Hoja ya pili ni kwamba ni uigaji wa mambo ya kigeni. Gitaa la Tancut Almasi nalo halikuchongwa Kalenga. Swali si chombo kimetoka wapi, bali kinasema nini na kwa lugha ya nani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba vijana wataleta siasa shuleni na kuwasema wakubwa. Hapa naomba tuwe wakweli. Sisi tuliokaa ukumbini humu tumo wakurugenzi, maafisa wa wilaya, wenyeviti wa vyama vya ushirika, wachungaji, wakuu wa shule. Tukiingia ofisini, vijana wanasimama. Tukiuliza kama kazi inakwenda vizuri, wanajibu ndiyo mzee, hata kama ghala linavuja na mbolea inalowa. Haule aliimba juu ya wagombea mwaka 2001, lakini ugonjwa alioueleza haukai kwenye majukwaa ya uchaguzi peke yake. Ofisi isiyosikia ila ndiyo mzee hujua habari za ghala siku ambayo mbolea imekwisha haribika. Ikiwa shule hii haimfundishi kijana kusema hapana kwa adabu, kwa ushahidi na kwa jina lake, atajifunza wapi? Nimeona wasomi wazuri waliotoka shule nzuri wakikaa kimya kwenye kikao, kisha wakanong'ona koridoni. Mimi ningependa tuwe na watu wachache zaidi wa namna hiyo.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, ombi la wanafunzi likubaliwe, na chama chao kiwe chini ya mwalimu wa Kiswahili, maana nyimbo ni sehemu ya fasihi simulizi wanayoisoma darasani.

Pili, kila wimbo uandikwe kwanza kwenye daftari. Ukiwa kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kisafwa au lugha nyingine ya nyumbani, mwenye wimbo aandike na maana yake kwa Kiswahili, ili wote waelewe.

Tatu, mtunzi akimaliza kuimba abaki jukwaani aulizwe maswali, kama tulivyofanya katika midahalo ya shule enzi zetu. Akisema chakula cha bwalo hakitoshi, aeleze kipimo anachopewa na kipimo kinachotakiwa. Akishindwa kujibu, arudi kwenye daftari.

Nne, wajifunze kutengeneza mapigo yao wenyewe na wasichukue jasho la mtu bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na wengi wa waimbaji wa miaka ile walinufaika kidogo kuliko waliouza kanda zao. Kijana aanze kujua haki yake na ya mwenzake akiwa bado hapa.

Tano, na hili linatuhusu sisi, tuchange fedha za kununua kompyuta moja ya kurekodia na kipaza sauti kizuri. Mhazini ana daftari la michango pale mlangoni. Mimi nimekwisha andika jina langu ili nisije nikadaiwa kwa maneno yangu mwenyewe.

Ninyi vijana mlioko nyuma, nawaombeni jambo moja. Msije siku ya mahafali mkatuimbia sifa zetu. Sifa tumezisikia za kutosha. Tuelezeni hali halisi ya shule hii, bweni kwa bweni, na sisi tutakaa mstari wa mbele tusikilize mpaka mwisho. Wapo watakaokunja uso. Endeleeni tu, mradi yote mnayosema mnaweza kuyasimamia.